Siku ya kuzaliwa ya Bwana Hayupo

Jana asubuhi simu yangu ililia mezani, binti yangu akaiwahi.

"Mama, leo ni siku ya kuzaliwa ya Bwana Hayupo. Ni nani?"

Nikamwambia ni mtu wa kazini. Akauliza kama anakuja. Hawezi, nikasema. "Anaumwa?" Haumwi, mwanangu, hayupo tu. Akanitazama kama mtu anayedanganywa, akaenda kutafuta viatu vyake.

Waliokuwa nami enzi zile za mikataba wanamjua. Mwaka ule tulikuwa tumeachana na yule muuzaji wa orodha za mawasiliano. Hatukugombana. Bei ilipanda, wakubwa wakagoma, nami nikawahi kupeleka notisi ya siku 90 kabla mkataba haujajihuisha wenyewe. (Mwaka uliotangulia nilichelewa kwa siku 4, tukalipia mwaka mzima wa data ambazo hakuna aliyezifungua. Hiyo ni aibu nyingine, ina siku yake.)

Kifungu cha mwisho kilitaka mambo mawili: tufute kila nakala ndani ya siku 30, na mtu mwenye mamlaka asaini hati kuthibitisha kwamba hakuna kilichobaki. Mtu mwenye mamlaka nilikuwa mimi. Nikawaandikia wakuu wa vitengo 12 barua pepe ya mstari mmoja: Je, mmefuta? Yakarudi majibu 12: Tayari. Mmoja hakuandika hata neno, aliweka kidole gumba. Nikasaini nimesimama, kwa kalamu ya kuazima, maana kikao kingine kilikuwa kinaningoja.

Upande wao nilikuwa nashughulika na kaka mmoja mpole, miaka yote nilimwita kaka naye akiniita dada. Alipopokea hati alinipigia kushukuru. Kabla hajakata akasema, kama mtu anayetania, "Ila dada, watoto wetu tunawajua hata wakivaa nguo za jirani." Nikacheka. Nilidhani anabembeleza turudi.

Miezi mitano baadaye ikaja barua ya mwanasheria wao. Kurasa mbili. Sehemu kubwa ilikuwa lugha ya kawaida ya vitisho, ile ya "tunahifadhi haki zetu zote". Lakini katikati palikuwa na aya fupi: kampuni yenu imemtumia barua mtu fulani, kwa anwani fulani, tarehe fulani. Mtu huyo hayupo na hajawahi kuwepo. Tulimtunga sisi. Yumo ndani ya orodha tuliyowauzia ninyi, na hajawahi kuwekwa katika orodha ya mteja mwingine yeyote.

Nilibaki ofisini hadi watu wote wakaondoka. Sikutaka mtu anione nikitafuta.

Nilifungua ghala letu la data, nikaandika jina lake la ukoo kwenye kisanduku cha kutafutia. Lilikuwa na herufi moja iliyorudiwa pasipohitajika, kosa ambalo ungedhani ni la mpigachapa. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Nakumbuka feni ya kompyuta ikivuma na taa za korido zikijizima moja moja, zile zinazojizima zenyewe zisipoona mtu akipita. Nikabonyeza.

Mstari mmoja.

Alikuwa kwenye jedwali linaloitwa majaribio_2. Kijana wetu mmoja wa uchambuzi alilitengeneza miaka miwili nyuma kwa kuunganisha orodha yao na wateja wetu wenyewe, na katika kuunganisha, ile safu inayoonyesha data imetoka kwa nani ilipotea. Siku ya kufuta, programu ilitafuta kila kilichoandikwa jina la muuzaji yule na kukiondoa. Jedwali hili halikuwa na jina la muuzaji yeyote. Likabaki. Kitengo cha masoko kikaliona, kikalipenda, kikahamia humo. Kila aliyenijibu "tayari" alikuwa anasema kweli kadiri alivyojua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu sikupata wa kumkasirikia.

Nikasogeza mstari kulia, safu baada ya safu. Jina. Anwani, sanduku la posta. Tarehe ya kuzaliwa. Kisha vikaanza vya kwetu. Alama ya uwezekano wa kununua: 87 kati ya 100. Hali: ANAFAA. Barua alizotumiwa: 4. Mwishoni kabisa kulikuwa na safu ya maelezo, ambapo watu wetu wa simu huandika kwa mkono. Mtu wetu mmoja alikuwa amempigia. Ameandika: "Yuko kikaoni, apigiwe wiki ijayo."

Nilisoma sentensi ile mara tatu. Namba ya simu bila shaka ililia kwenye meza fulani kwa wale jamaa, mtu akaipokea, akajibu kwa adabu zote kwamba bwana yuko kikaoni. Nikaanza kucheka peke yangu, kicheko kibaya, mpaka taa ya korido ikawaka.

Hapo ndipo nilipochukua simu yangu nikaandika siku yake ya kuzaliwa kwenye kalenda. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuonyesha ushahidi nikihadithia. Jina lake la kutungwa sikuliandika, nikamwita Bwana Hayupo.

Usiku ule sikulala, nikasoma. Nikagundua kwamba ujanja huu ni wa kizee kuliko kompyuta zetu. Wachora ramani waliutumia: miaka ya 1930 kampuni moja ya ramani Marekani ilibuni kitongoji, Agloe, katika jimbo la New York, iwakamate wanaonakili. Baadaye mtu akafungua duka pale na kuliita kwa jina aliloliona kwenye ramani, na kampuni nyingine ilipoandamwa kwa kuchora Agloe ikajitetea kwamba pahali pale papo. Nikamfikiria Bwana Hayupo na alama zake 87, na vikao vyake. Kwetu na yeye alikuwa anaelekea huko huko.

Asubuhi nilimfuata mwanasheria wetu nikiwa na matumaini, kwa sababu nilikuwa nimekutana na kesi ya Feist, ya mwaka 1991. Kampuni ya vitabu vya simu ilinakili orodha ya wenzao, na miongoni mwa majina yaliyonakiliwa yalikuwamo 4 ya kutungwa. Walinaswa wazi. Na bado Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi, kwamba majina na namba vilivyopangwa kwa alfabeti tu havina hakimiliki.

Mwanasheria alinisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani.

"Dada, kwanza huko ni Marekani. Ulaya wana sheria yao tangu 1996, wanailinda hifadhidata yenyewe kwa miaka 15. Pili, hapa hakuna anayezungumzia hakimiliki." Akanigeuzia karatasi mezani. "Wanazungumzia hii saini."

Saini yangu. Mkia wake umeinama kidogo, kwa sababu nilisaini nimesimama.

Yaliyofuata hayana utamu wa kusimulia. Tulilipa leseni ya mwaka mzima kwa kosa la jedwali moja, kijana wa uchambuzi alionywa kwa maandishi (nilipinga, sikusikilizwa), na mimi nikapewa wiki tatu kutafuta kila kona. Safari hii sikuuliza mtu. Nilikaa na mafundi, tukafungua nakala za akiba, tukafungua faili za Excel zilizokuwa kwenye kompyuta za watu, tukakuta vipande vya orodha ile mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kuviweka. Bwana Hayupo alipatikana mara sita.

Nilimpigia kaka yule siku ya mwisho. Nilitaka kumlaumu, nikashindwa namna ya kuanza.

"Kaka, ungeniambia tu."

"Nilikuambia, dada."

Kimya kidogo. Nikamuuliza wako wangapi, wa aina ile, ndani ya orodha. Akacheka taratibu. "Hilo nikikuambia, nitakuwa nimekuuzia bure." Kisha akauliza habari za nyumbani, nami nikamuuliza za kwake, kama watu waliokuwa wamezungumza mambo mengine kabisa.

Sasa nipo kwingine, na nakiri kwamba nami huwa natunga. Kila orodha inayotoka kwetu kwenda kwa mshirika wa nje huwa na watu wangu wawili watatu. Nawapa majina yenye kasoro ndogo, nawapa siku za kuzaliwa. Wakati mwingine nikipeana mikono na mtu mpole wa upande wa pili najikuta nataka kumwambia kitu kuhusu watoto na nguo za jirani. Bado sijawahi kusema. Sina hakika kama kunyamaza kwangu ni bora kuliko utani wa kaka yule.

Binti alirudi na kiatu kimoja mguuni.

"Ana miaka mingapi?"

Nikapiga hesabu. "Hamsini na minane."

"Mzee," akasema, akaanza kutafuta cha pili.

Hati ya pili, ile niliyosaini baada ya zile wiki tatu, niliisaini nimekaa. Niliisoma yote, neno kwa neno. Ilisema hakuna sehemu yoyote ya data iliyobaki, katika seva, karatasi, au kifaa chochote, kiwe cha ofisi au cha mtu binafsi.

Nikaichukua simu, nikailaza mezani kifudifudi, nikaenda kumsaidia kutafuta kiatu.