Siku moja kabla ya msafara wa Kwihara

Kesho naongoza watu 15 kwa baiskeli kutoka Tabora mjini hadi Kwihara, ilipo ile nyumba ya tembe ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Watu huniona siku ya safari tu, nimetangulia mbele na filimbi shingoni. Leo ndiyo kazi yenyewe.

Saa 11 alfajiri nimeamka, nikanywa chai na michembe, nikatia upepo matairi. Jua la Tabora huchelewa. Saa 12 bado kiza, kwa hiyo nimetoka mjini kwa tochi.

Saa 1 niko kwenye vijia. Kikundi sikipitishi lami, malori hayana huruma na mwendesha baiskeli. Lakini vijia navyo vina mambo yake. Mkokoteni wa ng'ombe ukipita masika kwenye tope, magurudumu huchimba mifereji miwili, na kiangazi mifereji hiyo hukauka ikawa ngumu kama zege. Tairi likitumbukia humo halitoki mpaka mfereji uishe wenyewe. Mmoja nimeupita mara nne leo nikitafuta upande wa kupitisha watu: ni kushoto, karibu na nyasi, mmoja mmoja. Kisha unakuja mchanga, hatua 310, nimezihesabu kwa miguu. Hapo mtu arudi nyuma kwenye siti, aweke gia nyepesi, akanyage bila kusita. Akiogopa akabana breki ya mbele, yuko chini.

Mbele kidogo nimekutana na mzee amebeba kuni.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Umepoteza nini hapo chini?"

Nikamweleza. Akaniambia ng'ombe hupelekwa majini kwa kijia hicho hicho kuanzia saa 3. Kijia chenyewe ni upana wa mtu na mzigo wake. Nikaandika kwenye daftari: kuondoka saa 1 kamili.

Saa 4 nimerudi, simu ikaita. Ni mteja aliyekusanya wenzake.

"Kaka, tutoke saa 3, watu wanywe chai vizuri."

Nikamweleza habari ya ng'ombe. "Si watatupisha?" Nikamweleza upana wa njia. Akakata, akapiga tena: wameongezeka watatu. Na baiskeli? "Tafuta, kaka, Tabora baiskeli zimejaa." Zimejaa kweli, lakini nyingi ni zile nzito za tairi jembamba, na kwenye mchanga ule zinazama. Akapiga mara ya tatu: kwani hakuna njia ya mkato? Akapiga ya nne kuuliza kama saa 2 na nusu inafaa. Muda wote huo nimekaa na spana mkononi, sijui nafunga breki za watu 12 au 15. Mwisho nikamwambia, "Dada, kama ni saa 3, naomba nikurudishie hela yako ya utangulizi. Watu wako siwezi kuwakutanisha na ng'ombe kwenye uchochoro." Akasema atanipigia. Amepiga saa 7: saa 1 sawa.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Breki, minyororo, spoku, kutembea mitaa miwili kuazima baiskeli tatu za tairi pana. Mgongo umekaza.

Kati ya walioongezeka yupo mama mmoja ambaye hajapanda baiskeli tangu shule ya msingi. Nikamwomba aje jioni kwenye kiwanja cha mpira chenye mchanga. Akaanguka mara mbili.

"Mwanangu, niache tu, nitabaki nyumbani."

"Mama, tazama goli la kule. Gurudumu usilitazame."

Mara ya tatu akavuka goli hadi goli, kanga kaikaza kiunoni, watoto wakimshangilia. Nimempa nafasi ya pili, nyuma yangu, ili mwendo wa msafara wote uwe mwendo wake.

Sasa ni usiku, nimeipindua baiskeli yangu sebuleni. Tairi la nyuma limerudi na mbigiri tisa. Nazing'oa kwa koleo, moja moja, na kila ikitoka naweka sikio. Ya saba imepuliza. Nimechota maji kwenye beseni, nimeliona tundu, nimelikwaruza kwa msasa na kulibandika. Viraka sita vilivyobaki na pampu nimevitia kwenye mkoba wa mwenzangu atakayefunga mkia.