Vipepeo wa uani kwangu Tanga, na wale walioniambia nipande maua tu

Kila niliyemuuliza jinsi ya kupata vipepeo uani alinipa jibu lilelile: panda maua. Muuza miche wa barabarani akaniuzia mawaridi. Shoga yangu akaniletea lantana kutoka kwao, ile yenye vishada vya njano na vyekundu, akaniapia kwamba hiyo ndiyo kiboko. Nikapanda, nikamwagilia, nikangoja. Vipepeo walikuja, tusimsingizie mtu. Walifyonza, wakapanda ukuta, hao kwa jirani. Iliyobaki ni lantana yenyewe, ambayo ilianza kuota mpaka kwenye nyufa za karo la maji. Lile ni gugu la kutoka Amerika ya kitropiki, ndege wanakula vitunda vyake na kuzidondosha mbegu popote, na likishashika malisho au ukingo wa msitu halitoki kirahisi. Nililing'oa kwa panga na matusi.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa vijiji vya Amani, kule Usambara Mashariki, nilikokwenda kwenye harusi. Vijiji vile viliwahi kufuga vipepeo kwa biashara: wanakijiji wanatunza viwavi mpaka wanakuwa pupa, yaani wanapotulia ndani ya ganda kabla ya kugeuka vipepeo, pupa zinafungwa na kupelekwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, zinaangua hukohuko. Mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, vipepeo nao wakahesabiwa humo, biashara ikaanguka. Lakini ujuzi haukuanguka. Nilimweleza habari za mawaridi yangu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, we unamuwekea chai mama mtu. Mtoto wake atakula nini?"

Basi. Kipepeo aliyekomaa kwa kawaida anafyonza ua lolote lenye utamu, ila kiwavi wake ni mchaguzi. Wengi wanakula majani ya mmea mmoja au jamii moja ya mimea, na bila hayo wanakufa njaa hata ukiwazungushia bustani nzima. Ukipanda jani, mama atakuja kutaga mwenyewe, na akishataga una vipepeo wa kwako.

Na majani hayo mengi tunayo tayari, ila tunayafyeka. Mdimu, mlimau na mchungwa ni wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, anayeitwa kitaalamu Papilio demodocus. Mwingajini, ambao kila mtu anaung'oa, ni wa wale weupe wenye ukijani ambao miaka mingine wanapita makundi kwa makundi wakielekea upande mmoja. Mstafeli na mtopetope una wa kwake wenye madirisha kwenye mabawa. Nikaacha kona moja ya ua bila kufagia wala kupalilia. Baba Saidi akasema nyumba inaonekana ya mjane. Nikamwambia asiharakishe mambo.

Maua sikuyaacha kabisa, ila nilibadilisha. Pentasi ni mmea wa kwetu Afrika Mashariki, miche inauzwa bei ya kutupa, inachanua karibu mwaka mzima, na vipepeo wanaigombania.

Sasa nije kwa habari ya chupa, maana hiyo bado inanikera. Mdimu wangu ulipopata mayai ya kwanza nilikaa nikiangalia jike akitaga. Anatua, anapigapiga jani kwa miguu ya mbele upesi upesi, kwa sababu ladha anaionja kwa miguu. Akiridhika anakunja tumbo na kubandika yai moja la njano hafifu, dogo kuliko kichwa cha pini yangu ya kushonea, kisha anahamia jani jingine. Nilitaka kuwaona wakikua. Kijana mmoja mwenye video alikuwa ameeleza kwa kujiamini sana: chukua chupa ya plastiki ya maji, ikate, weka viwavi na majani, funika kwa karatasi ya nailoni yenye vitundu. Nikafuata neno kwa neno. Siku ya pili chupa imejaa jasho. Mavi ya viwavi (ni mengi, sijui kwa nini hakuna anayesema) yakalowa na kuota ukungu. Viwavi wawili watatu wakalegea, wakawa weusi, wakaning'inia kama soksi mbovu. Aliyejitahidi mpaka kuwa pupa na kuangua akakutana na balaa jingine: kipepeo akitoka, mabawa yake yamekunjamana, na lazima apande mahali aning'inie ili yajae na kunyooka. Plastiki inateleza. Alihangaika chini ya chupa mpaka mabawa yakakauka vilevile yalivyokunjamana. Yule kijana kwenye video alikuwa anaonyesha chupa mpya kabisa, safi, na kiwavi aliyewekwa asubuhi hiyohiyo.

Mimi ni fundi cherehani. Kwangu vipande vya neti ya shela za harusi vimejaa kapuni, na ndivyo vilivyonitoa. Nilishona mfuko kama mkono wa gauni, wazi pande zote mbili, upana wa kutosha kupitisha mkono wangu hadi kwenye kiwiko, nikatia utepe kila upande. Tawi la mdimu lenye mayai linavishwa mfuko likiwa palepale mtini. Upande wa ndani unazungushia pamba kwenye tawi kabla ya kukaza utepe ili chungu wasipenye. Viwavi wanakula majani mabichi, upepo unapita, na mavi unayatoa kwa kufungua upande wa chini na kukung'uta. Tawi likiisha majani unahamisha mfuko. Neti nyeusi ni bora kuliko nyeupe. Nyeupe inarudisha mwanga machoni, nyeusi unaona ndani vizuri kabisa. Hili hakuna aliyenifundisha, nimeligundua kwa kuwa neti nyeupe iliniishia siku ya kazi ya bibi harusi mmoja. Ukinunua neti mpya, mita moja haifiki elfu kumi, na mita moja inatoa mifuko kadhaa.

Mvishe mfuko wakiwa bado mayai au wadogo sana. Ukichelewa utakuwa umewafungia pamoja na adui, kwa sababu kuna nyigu wadogo wadogo na nzi wanaotaga ndani ya viwavi na pupa. Niliwahi kungoja pupa mmoja kwa hamu, asubuhi nikakuta ana kitundu cha duara na ndani mtupu. Nyigu walishakula, wakatoka zao.

Kiwavi wa mdimu ni mchezo wa kuigiza. Akiwa mdogo ni wa kahawia na doa jeupe mgongoni, utadhani kinyesi cha ndege, na shabaha yake ndiyo hiyo. Akikua anageuka kijani. Mguse kidogo nyuma ya kichwa, anatoa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali ya ndimu iliyooza. Wajukuu wanamgombania. Akitaka kuwa pupa anaacha kula, anatapanya uchafu wake wote, anatangatanga, kisha anajifunga kijitini kwa uzi mmoja kiunoni, akiegemea nyuma.

Muuza duka la pembejeo aliniambia nipige dawa, la sivyo viwavi "watakumalizia mdimu." Mdimu mkubwa haufi. Unaliwa matawi mawili, unachipua upya mvua zikinyesha, na ndimu nachuma kama kawaida. Miche midogo ndiyo inaweza kuliwa ikabaki vijiti, kwa hiyo mwenye kitalu cha michungwa kule Muheza simlaumu akiwaokota viwavi kwa mkono. Ila ukipiga dawa uani kwako usiniulize vipepeo wamekwenda wapi.

Kuna mwaka mdimu wangu mmoja haukupata kiwavi hata wa dawa, wakati wa pili, hatua chache tu kando, umejaa. Sababu ilikuwa chungu wanaoitwa maji moto. Wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya watoto wao wanawinda kila kinachotambaa. Kwenye mnazi na mkorosho ni askari, maana wanafukuza wadudu wanaofyonza matunda machanga, na mkulima mwenye akili hawachomi moto. Sikuwagusa. Nilichofanya ni kuweka miche ya ndimu ya kwenye ndoo juu ya meza, na miguu ya meza ndani ya makopo ya maji yenye tone la mafuta ya taa, kama nyanya yangu alivyokuwa akifanya kwa kabati lake la chakula. Jani lolote lisiguse ukuta. Likigusa, maji moto wameshapata daraja.

Kona isiyofagiliwa nayo ilinilipa. Palijiotea mmea wenye utomvu mweupe na matunda kama vibofu vyenye manyoya, na vipepeo wa rangi ya machungwa wanaoitwa Danaus chrysippus wakaja kutaga. Viwavi wao wana milia na wanakula ule utomvu wenye sumu, kwa hiyo ndege akimla kipepeo huyo mara moja harudii. Siku moja nikaona mmoja anatua kwenye magugu manene ya kandokando ya njia ambayo hayana sumu yoyote. Nikashangaa. Kumbe siye! Ni jike la kipepeo mwingine kabisa, Hypolimnas misippus, aliyevaa nguo za yule mwenye sumu ili ndege wamwogope. Dume lake wala hafanani naye: ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Kuwatenganisha, tazama bawa la nyuma. Yule wa kweli ana vidoa vyeusi vitatu au vinne katikati, mwigaji ana kimoja tu pale kwenye ukingo wa mbele. Mimi nilichukua muda mrefu kuamini.

Vipepeo wenye mikia miwili, wanene, wanaoruka kwa nguvu mpaka unasikia mabawa, hao maua hawayataki. Wanataka tunda bovu. Wataalamu wanapaka ndizi iliyooza na pombe. Mimi tembo siwezi kwenda kununua, watu watasema nini, nikatumia hamira ya vitumbua. Ndizi mbivu kupita kiasi, sukari guru, kijiko cha hamira, funika siku mbili tatu mpaka itoe povu, tundika kwenye sahani kivulini. Walikuja. Nzi pia walikuja, na nyigu, na malalamiko ya baba Saidi. Tundika mbali na dirisha la chumba cha kulala.

Usiku ndio kuna nondo, na hapo ndipo ninapojisifu. Taa ya kawaida ya ua inaleta wachache. Nondo wanavutwa zaidi na mwanga wa urujuanimno, usioonekana na macho yetu, na taa zake maalumu ni ghali na hazipatikani hapa. Nikiwa kwa wakala wa kutuma pesa nikamwona anapitisha noti chini ya kitaa cha zambarau kutazama kama ni halali. Nikamuuliza amekinunua wapi. Elfu ishirini na kitu, tena niliteta bei. Nikatundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, kitaa mbele yake, usiku usio na mbalamwezi, baada ya mvua za vuli. Kufikia saa tatu shuka lilikuwa limejaa. Usiitumbulie macho taa yenyewe, inaumiza.

Siku ya tatu mjumbe akapiga hodi. "Mama Saidi, nimeambiwa huku nyuma kuna mwanga wa ajabu usiku na wewe unasimama mbele ya sanda." Nikamkaribisha aone. Wakati huo palikuwa na nondo mmoja mkubwa wa kahawia na njano, mgongoni ana alama kama fuvu la mtu. Nikamshika taratibu, akalia. Ndiyo, analia, kwa kusukuma hewa kooni, sauti kama ya panya. Mjumbe alirudi nyuma mpaka kwenye ndoo za miche. Nikamweleza kuwa huyu anaingia kwenye mizinga ya nyuki kuiba asali, na viwavi wake wanakula mnavu na biringanya, hana neno na mtu. Akatulia, akakaa, akaanza kuuliza majina. Kabla ya kuondoka akatoa noti ya elfu kumi mfukoni, akaomba tuikague hapohapo. Ilikuwa halali.

Zima taa kabla ya kulala na kung'uta shuka vichakani kabla hakujapambazuka. Mijusi kafiri watakula wao, hilo haliepukiki, ila kunguru wakishajifunza kuwa shuka lako ni sahani, watakungoja kila alfajiri.

Picha napiga kwa simu, mabawa juu na chini, naziweka iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe, na watu nisiowajua wananitajia majina. Wengine wamenisahihisha kwa ukali, sawa tu.

Anayetaka mbegu za mwingajini aje na mfuko wake. Zipo tele, na baba Saidi anaomba zipungue.