Jimny yangu kutoka Japani: ushuru, kadi na bima kabla sijashika spana

Mwezi wa pili

Gari imepatikana jamani. Suzuki Jimny JB23 ya 2010, injini K6A yenye turbo, cc 658, gia za mkono, rangi ya fedha. Hii gari nimeiwaza miaka, naitaka kwa safari za porini, niiinue kidogo, nibadilishe tairi, niweke keria juu na hema, nizunguke nayo nchi nzima. Sasa watu wengi wakisikia mradi wa gari wanadhani unaanza siku unafungua boneti, kumbe mradi wa gari ya kuagiza unaanza kwenye makaratasi, na ukizembea hapo hata ufunge springi za dhahabu utakuja kulia siku umepata ajali na kampuni ya bima inakuambia gari uliyoikatia bima sio hii.

Karatasi ya kwanza ni ya mnada wa Japani. Ina mchoro wa gari na herufi zimetapakaa juu yake, A maana yake mkwaruzo, U imebonyea, W imewahi kunyooshwa, S ni kutu, na namba inayofuata herufi inakuambia ukubwa wa tatizo. Kwa Jimny mimi naangalia S kuliko kitu chochote, maana nyingi zimetumika sehemu za theluji kama Hokkaido na kule barabara wanazimwagia chumvi, sasa chumvi ikikaa kwenye fremu kwa miaka unaletewa gari inang'aa juu huku chini inamong'onyoka. Niliomba picha za uvungu kabla sijatuma hata senti, muuzaji akatuma. Fremu safi, kutu kidogo tu kwenye bomba la ekzosi.

Mwaka nao nimeuhakiki. Kwenye cheti cha kuiondoa gari Japani wanaandika mwaka kwa kalenda ya mfalme wao, yangu imeandikwa Heisei 22. Unachukua hiyo 22 unajumlisha 1988 unapata 2010. Kama imeandikwa Reiwa unajumlisha 2018. Huo lakini ni mwaka iliposajiliwa mara ya kwanza, mwaka wa kutengenezwa unaweza kuwa nyuma kidogo, kwa hiyo nikamwomba anipigie picha lebo ya mkanda wa kiti, ule mkanda ukiuvuta hadi mwisho chini kabisa kuna kitambaa kidogo kimeshonewa kina mwaka wa mkanda. Nacho 2010. Hapo nikatulia.

Mwezi wa tatu, hesabu ya ushuru

TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye mtandao wao, unachagua aina, modeli, mwaka, nchi inakotoka na cc, inakuletea thamani na kodi zote. Ukishaona ile thamani usijidanganye na ankara ya muuzaji, kama umenunua kwa bei ya chini kuliko wanavyoithamini wao basi hesabu wanapiga kwa yao.

Nitoe mfano kwa namba nyepesi. Tuseme thamani ya gari pamoja na usafiri na bima ya majini hadi Dar ni milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni milioni 2.5, tupo 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini unaanza juu ya cc 1000, ikifika hadi 2000 ni asilimia 5 na kuzidi hapo ni 10, yangu ina 658 kwa hiyo hapo sifuri, na hii ni sababu moja kubwa nilichagua JB23 nikaiacha Jimny nyingine yenye cc 1328. Ila kuna ushuru wa uchakavu, gari ya miaka 8 hadi 10 asilimia 15, ikizidi 10 asilimia 30, na hapa sina pa kukimbilia, 30 ya 12.5 ni 3,750,000. Tumefika 16,250,000, ndio juu yake wanaweka VAT asilimia 18 ambayo ni 2,925,000. Jumlisha kodi tupu inakuja 9,175,000, bado ada ya forodha ya asilimia 0.6, tozo ya reli na ada ya usajili ambayo kwa injini isiyozidi cc 1500 ni laki mbili. Yaani gari ya milioni 10 kwenye meli ikigusa ardhi inakaribia 20. Mtu akikwambia amenunua gari Japani kwa bei ya pikipiki mbili muulize kama ameshalipa ushuru.

Usafiri haukuniumiza, meli za magari zinachaji kwa mita za ujazo na haka kagari kana mita 3.4 tu urefu, inakuja mita za ujazo 8 na nusu hivi.

Mwezi wa nne

Meli imeondoka Yokohama. Nyaraka zimekuja kwa kifurushi, hati ya meli, ankara, cheti cha kuiondoa gari Japani pamoja na tafsiri yake. Kuna na ukaguzi wa TBS, shirika la viwango, ambao gari iliyotumika huwezi kuuruka. TIN yangu, yaani namba ya mlipakodi, ipo, bila TIN hakuna kinachoenda.

Wakala wa forodha akaandaa TANSAD, yaani fomu ya kutangaza mzigo forodhani. Nikamwambia kaka kabla hujaituma nirushie nakala niisome, akashangaa kidogo, eti wateja wake huwa wanasubiri tu kuambiwa kiasi cha kulipa. Kwenye nakala chasisi imeandikwa JB23V na kufuatiwa na tarakimu zake. Gari yangu ni JB23W. Herufi moja! Na injini wameandika cc 685.

Niseme kwa nini nilikomaa na hili. Magari ya soko la ndani la Japani hayana zile namba za chasisi zenye herufi na tarakimu 17 ambazo mifumo mingi imezoea, yana namba fupi, alama ya modeli halafu kistari halafu tarakimu, sasa mtu akinakili kwa haraka ni rahisi kukosea na mfumo hausemi kitu. Kilichoandikwa kwenye TANSAD ndicho kinaenda kwenye kadi ya gari, cha kwenye kadi ndicho kinaenda kwenye bima. Kosa la herufi moja likishaingia kwenye kadi litakuwepo kwenye bima, litakuwepo siku unauza gari, na siku trafiki analinganisha kadi na chuma inaonekana kama gari ya wizi. Kurekebisha kabla ya kulipa ilikuwa ni kufuta na kuandika upya. Kurekebisha baada ya kadi kutoka ni barua, ukaguzi na foleni.

Wakala akarekebisha bila maneno mengi, nikasoma tena nikiwa na picha ya chasisi pembeni, tarakimu moja moja, ndio nikasema lipisha. Kontrol namba ikatoka, nikalipa benki.

Mwezi wa tano, bima

Hapa nakaa kidogo maana ndipo nimeona watu wengi wanapigwa.

Kwanza ile bima iliyomo kwenye bei ya kufikisha gari Dar ni ya majini, inalinda mzigo ukiwa safarini, haikuhusu ukishakuwa barabara ya Mandela unakula foleni na malori. Sheria inataka gari yoyote barabarani iwe na bima angalau ile ndogo, ya kulipa madhara unayomfanyia mwingine. Kwa gari binafsi ni 118,000 kwa mwaka, laki moja na VAT yake. Wewe gari yako ikipondeka, ikiungua au ikiibiwa hiyo ndogo haikupi kitu.

Nikachukua kubwa. Kiwango kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari kisha VAT 18. Swali ni thamani ipi. Mtu wa kwanza wa bima niliyeongea naye alitaka aandike bei ya kwenye ankara ya Japani, akasema bosi hivi utalipa kidogo. Nikamwambia ndugu yangu, gari ikiungua kesho ile bei ya Japani itaninunulia gari ipi hapa Dar? Ushuru nitalipiwa na nani? Gari yangu thamani yake ni kile kinachohitajika kuipata nyingine ikiwa imesimama hapa na namba yake, yaani bei, meli, ushuru, bandari, usajili. Tukiandika pungufu kuna kipengele kwenye mikataba mingi kinachosema ukikata bima ya nusu ya thamani basi hata ukigongwa taa na bampa utalipwa nusu. Kile kipengele watu hawakisomi.

Nikaenda kwa mwingine, dada mmoja mwelewa kweli, akapitia risiti zote za kodi, tukakubaliana milioni 22. Asilimia 3.5 ni 770,000, VAT 138,600, jumla 908,600. Bima akaitoa kwa namba ya chasisi kwa kuwa namba ya usajili ilikuwa bado, itaongezwa ikitoka. Nikaingia mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, nikahakiki mwenyewe, gari inaonekana, chasisi JB23W, tarehe sahihi. Hili msiliache, kuna watu wametembea na bima za mtu wa mtaani mwaka mzima kumbe kwenye mfumo hazipo.

Vitu vingine nilivyomuuliza kabla ya kusaini: eksesi ni kiasi gani, yaani sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, kioo cha mbele kinalindwa hadi shilingi ngapi, vifaa vikiibiwa gari ikiwa imepaki wanalipa au hawalipi. Na kubwa kwangu, nikiiinua gari na kuweka tairi pana itakuwaje? Akasema andika barua kabla ya kufunga, ambatanisha risiti na picha, tutaongeza kwenye mkataba na thamani inapanda. Usipotaja, siku ya ajali wanaweza kusema gari iliyoharibika sio tuliyoikubali.

Mwezi wa sita

Imetoka bandarini! Wakala alikuwa na hati ya kutolea mzigo kutoka kwa watu wa meli, malipo ya bandari yakakamilika, nikaingia yadi nikaikuta katikati ya IST na Noah, vumbi tupu, betri imekufa. Nikainama kwenye fremu upande wa tairi la mbele kulia, nikafuta kwa kitambaa, namba iliyogongwa kwenye chuma ikajitokeza, JB23W, nikailinganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Zinafanana. Moyo ulitulia sana.

Namba zimefungwa, T halafu tarakimu tatu na herufi tatu zinazoanza na E, vibao vya njano vya gari binafsi. Leseni ya barabara ya kila mwaka siku hizi haipo, ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo kwenye gari natembea na kadi nakala, bima na leseni yangu ya udereva. Nikampigia dada wa bima palepale nikamtumia picha ya kibao, akaongeza namba kwenye mfumo, nikahakiki tena.

Siku hiyohiyo nikapeleka kwa vijana wa kuchonga namba. Wanabandika kikaratasi kilichokatwa namba kwenye saiti mira, taa na vioo halafu wanachonga, ukitoa kikaratasi namba imebaki humo. Kwa Dar hii ukichelewa wiki unaweza kukuta mira zimeondoka, na mira ya JB23 sio kama ya IST kwamba unaikuta kila duka.

Kinachofuata: springi za inchi mbili na shokapu zake nimeshaagiza, fundi wa fremu amepatikana wa kupiga dawa ya kutu uvungu wote kabla ya mvua. Barua ya marekebisho kwenda bima nimeiandika tayari, inasubiri risiti za springi tu. Nataka mwisho wa mwaka niende nayo Zambia kupitia Tunduma, kwa hiyo nitaomba na kadi ya njano ya COMESA, maana bima ya hapa inaishia mpakani, hiyo kadi ndiyo inayobeba bima ya mtu wa tatu, yaani ile ndogo, upande wa pili. Dada wa bima amesema nimpe tarehe ya safari na nchi nitakazopita, nalipia kwa kipindi nitakachokuwa nje. Zikifungwa springi naweka picha za uvungu, kabla na baada.