Mwezi huu katalogi naiacha nyumbani

Jana jioni nimerudi kutoka Kibosho na matope hadi magotini, na mzunguko wangu wa Desemba wa kuwashukuru wenyeji wa vikao vyangu umekwisha. Wenyeji ishirini na sita kwa wiki tatu, nyumba kwa nyumba, kwa Hiace, kwa miguu, na mara mbili kwa bodaboda mvua ilipogoma kukatika. Nilitaka nimalize kabla ya leo. Mabasi ya Dar yameshaanza kushusha watu hapa Moshi, kila boma lina wageni wake, na mama anayepokea wajukuu hana nafasi ya kunikaribisha mimi.

Kwa msioijua kazi yangu: nauza vyombo vya jikoni kwa vikao vya nyumbani. Sina duka. Mwanamke mmoja anakubali kuwa mwenyeji, anaita majirani, mawifi na wenzake wa kikoba. Mimi nafika na sanduku langu, naonyesha chombo kimoja kimoja, watu wanaandikisha oda, na mzigo unakuja kwa basi. Mimi napata kamisheni. Mwenyeji anapata zawadi kutoka kampuni kulingana na mauzo ya siku ile. Ukiitazama hesabu hiyo unaona kila mtu amelipwa, hakuna anayemdai mwenzake. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka minne ya mwanzo.

Kilichonibadilisha ni kuangalia mwenyeji anatoa nini hasa. Anadeki, anaazima viti, anakaanga maandazi, ananunua soda. Hizo zinahesabika. Halafu kuna jina lake. Wale wanawake hawanijui mimi. Wamekuja kwa sababu aliyewaita ni yeye. Mfuniko usipobana, au mzigo ukichelewa wiki tatu, anayeulizwa ni yule wanayekutana naye kanisani, bombani na kwenye misiba. Mimi nitakuwa mjini na simu yangu. Yeye atakuwa palepale. Zawadi ya bakuli haiwezi kulipia kitu kama hicho.

Kwenye mafunzo tulifundishwa kazi hii ilivyoanza kushika kasi huko Marekani. Earl Tupper alianza kuuza vyombo vyake vya plastiki mwaka 1946, mfuniko wake akiwa ameuiga kwenye mkebe wa rangi. Madukani havikwenda, maana mnunuzi hakujua mfuniko ule unafungwaje na hewa inatolewaje. Mwanamke mmoja muuzaji, Brownie Wise, alikuwa akivionyesha kwa mikono yake kwenye nyumba za watu, na vilikuwa vikiisha. Mwaka 1951 Tupper akaviondoa madukani kabisa, akamkabidhi mama huyo mauzo ya nyumbani. Mwaka 1954 picha yake ilitoka kwenye jalada la jarida la Business Week, mwanamke wa kwanza kuwekwa pale, na mwaka 1958 akaondolewa kwenye kampuni ile ile. Wenzangu darasani waliumia kwa ajili yake, nami niliumia. Lakini kichwani mwangu nilibaki na wale wengine: wanawake waliofungua milango na kupanga viti. Hao majina yao hayakutajwa hata mara moja mafunzo yote.

Zamani Desemba ikifika nilikuwa natuma ujumbe mmoja wa WhatsApp kwa wote. Picha ya mti wenye taa, maneno ya heri, na chini yake bei za ofa ya mwisho wa mwaka. Mwaka mmoja mwenyeji wangu wa kwanza kabisa alinijibu: "Asante. Samahani, nani mwenzangu?" Alikuwa amebadilisha simu, namba yangu ikapotea. Wala hakuwa na ubaya. Lakini mtu aliyenifungulia mlango wa kwanza wa kazi yangu alikuwa amepokea salamu ambayo haikuwa na hata neno moja la kumwambia imetoka kwa nani na kwa nini.

Huyo anakaa Rau. Kikao chake kilikuwa mwaka 2017 na siku ile mtaa wao ulipata msiba asubuhi, kwa hiyo wanawake wote walikuwa msibani. Walikuja wawili tu, wakakaa nusu saa. Nilikuwa tayari nimeamua moyoni kurudisha sanduku la kampuni. Yeye akanitengea ndizi nyama, akanisimamia mpaka nikamaliza sahani, kisha akatoa pesa kwenye fundo la kanga akanunua makopo mawili ya kuhifadhia sukari na majani ya chai. Akasema, "Haya, mwanangu, umefungua." Safari hii nilipofika nikayakuta makopo yote mawili juu ya meza, moja mfuniko wake umefifia rangi. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya sahani ile ya ndizi. Alikuwa ameisahau. Ikabidi nimsimulie mwenyewe.

Katalogi siibebi. Hilo ndilo sharti langu pekee na nalishika sana. Kiongozi mmoja aliyekuwa juu yangu alitufundisha kwamba Desemba ni mwezi wa kuwapitia wenyeji watano waliouza zaidi, uwape zawadi, na kabla hujaaga umeshaandika tarehe ya kikao cha Januari. Nimelifanya hilo, na tarehe nilizipata. Lakini niliona nyuso. Mtu anapokea zawadi kwa furaha, halafu unatoa kalamu, na unaona furaha inavyorudi ndani. Januari yenyewe watu wana ada, sare na madaftari ya shule. Atakubali kwa sababu zawadi yako iko mkononi mwake, na hiyo si haki. Nikiulizwa kuhusu vyombo nasema nitakupigia mwakani, tunarudi kwenye habari za watoto.

Na siangalii nani aliuza zaidi. Yule wa Rau angekuwa wa mwisho kwenye orodha ile.

Zawadi yenyewe ni tangawizi. Mimi ni Mpare, mama yangu analima tangawizi Mamba Miamba, huko milimani Same, na kila Novemba ananipelekea gunia dogo kwa basi. Naiosha, naikata vipande vyembamba, naianika kwenye ungo. Kipindi hiki cha vuli ni kazi ya kukimbizana na mawingu. Asubuhi mlima uko wazi hadi kileleni, saa nane mvua. Mwaka jana nilimwomba mwenye mashine ya unga anisagie akakataa, akasema harufu itaingia kwenye unga wa watu, na alikuwa sahihi. Kwa hiyo natwanga kwenye kinu na kuchekecha, jioni baada ya jioni, mpaka nyumba nzima inapiga chafya. Naijaza kwenye vikopo vidogo ninavyovinunua kwa pesa yangu, naviringishia kipande cha kitenge ninachopewa na fundi cherehani jirani yangu. Krismasi huku kwetu chai hainywewi kwa kikombe kimoja. Najua itatumika.

Ndani naweka kikaratasi. Hapo ndipo natumia muda kuliko kwenye kinu, kwa sababu nimejiwekea kwamba lazima kiwe na jambo moja la siku ile ambalo haliwezi kuandikwa kwa mtu mwingine. Mwalimu wa Pasua nilimwandikia: "Umeme ulikatika, ukawaambia wote wawashe tochi za simu, tukaendelea." Mama wa Njoro: "Ulihamisha kikao mpaka baada ya Alasiri ili shangazi zako waswali kwanza, na uliniwekea kashata nipeleke kwa watoto." Kwake nilisema ni shukrani ya kufunga mwaka, akanipakia kashata nyingine. Sitapeli kumbukumbu. Nikishindwa kukumbuka, narudi kwenye daftari, maana naandika kila kikao: tarehe, waliofika, oda, hali ya hewa, tulikula nini.

Na ni daftari hilo lililonipeleka Kibosho.

Kuna safu ya mwisho nayoiwekea alama ya vema zawadi ya mwenyeji ikishamfikia. Mwezi uliopita, mvua inapiga bati, nilikuwa nafunua kurasa za mwaka 2022 nikaona mstari mmoja hauna alama. Mama mmoja wa Kibosho, mtu mzima, mjane, kikao cha Machi. Waliofika kumi na wanne. Zawadi: bakuli kubwa la unga lenye mfuniko. Nikakumbuka yote kwa mara moja. Oda za watu zilifika, bakuli halikuwemo, kampuni ikaahidi kulileta na mzigo unaofuata. Mzigo uliofuata ulikuja mwanangu akiwa amelazwa. Bakuli nililipokea, nikaliweka juu ya kabati, na baada ya miezi nikaliuza kwa mtu mwingine nikidhani ni la akiba. Miaka yote hiyo sikumpigia. Kosa ni langu, na hakuna wa kugawana naye.

Nilinunua bakuli la aina ile ile siku iliyofuata. Lakini nilijua haitoshi kufika tu na kulikabidhi kama mtu anayerudisha ufagio. Nikamwambia mama mkwe wangu, ambaye naye ni wa Kibosho. Hakunilaumu. Alitoka nje hadi kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, akachuma jani la isale, akalifuta matone ya mvua kwa kanga yake na kunipa. Nimeolewa huku miaka kumi na tisa, nimeona masale yakipandwa kila mpaka, nimesikia jinsi Mchaga akipelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Sikuwahi kulibeba mimi mwenyewe. Akaniambia nilishike kwa mikono miwili, niseme kosa kwanza na bakuli libaki kwenye mfuko mpaka nijibiwe.

Hiace ilituacha barabarani, tukapandisha kwa miguu katikati ya migomba na mibuni. Ndiyo, alikuja nami. Alisema jambo kama hili mtu haendi peke yake.

Tulimkuta mwenyeji wangu anachambua maharage kibarazani. Shikamoo, marahaba, akaniangalia, akanitambua mara moja. Nikapiga magoti, nikamnyooshea jani, nikalisema lote: bakuli lilifika, nikaliuza, nikanyamaza. Alikaa kimya kiasi kwamba nilisikia maharage yakidondoka kwenye sinia, moja, mawili. Kisha akalipokea isale, akaliweka kwenye paja lake.

"Waliniuliza," akasema. "Wale wote uliowauzia. Kila mmoja na chombo chake mkononi: mama, wewe zawadi yako iko wapi?"

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia imefika siku nyingi, iko ndani ya kabati. Ningesemaje? Mimi ndiye niliyewaita."

Sikuwa na neno. Mama mkwe alinishika bega. Nikamwelewa mwanamke yule kwa namna ambayo daftari langu halikuwahi kunieleza: miaka mitatu na zaidi alikuwa amelibeba kosa langu mbele ya majirani kumi na wanne, wengine wakiwa ndugu zake, na kila mmoja wao aliyeagiza tena kwangu baada ya hapo, na wapo watano, aliagiza kwa sababu ya uongo ule alioutunza kwa niaba yangu. Kamisheni ya oda zile nililipia ada ya muhula mzima.

Akasema nimesamehewa, ninyanyuke, magoti yanalowa. Alichemsha maziwa, nami nikaichanganya tangawizi ya mama yangu kwa mkono wangu, wao wakilinganisha mvua za mwaka huu na za mwaka jana. Kikaratasi chake nilikuwa nimekiandika mara saba na kukichana. Kile cha mwisho kilikuwa na mstari mmoja: "Machi 2022, uliita watu kumi na wanne na wote wakaja." Alinipa nimsomee kwa sauti, hakuwa na miwani karibu. Akaomba nirudie.

Tulipokuwa tunaaga ndipo nikalitoa bakuli kwenye mfuko. Aliligeuza, akaufungua mfuniko na kuufunga, akautoa hewa kwa kidole gumba kama nilivyowafundisha siku ile, akatabasamu kwamba hajasahau. Kisha akaingia nalo ndani. Kutoka kibarazani nilimwona akifungua mlango wa kabati, akisogeza sahani mbili, akaliweka palepale alipowaambia watu kwamba lipo.