Kingamwili Dhidi ya Kingamwili

Tangu nilipompa mdogo wangu figo yangu moja, kila anapokwenda kliniki nami husubiri majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi figo inavyofanya kazi, kana kwamba damu iliyopimwa ni yangu. Ndiyo sababu jaribio la dawa iitwayo felzartamab, lililoongozwa na Georg Böhmig wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Vienna na kuchapishwa mwaka 2024, nimelisoma zaidi ya mara moja.

Figo iliyopandikizwa inaweza kukataliwa polepole, miaka mingi baada ya upasuaji. Mwili wa aliyeipokea hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, zinazonasa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya figo hiyo, kisha seli za kinga ziitwazo NK huzifuata na kuishambulia, hadi mishipa inakakamaa na kazi ya kuchuja damu inapungua. Dawa za kila siku za kuzuia kukataliwa, kama takrolimasi, hudhibiti zaidi seli T, aina nyingine ya seli za kinga, hivyo shambulio hili huendelea hata kwa mgonjwa asiyekosa dozi.

Felzartamab nayo ni kingamwili, ila imetengenezwa maabara ili ishike CD38, protini iliyopo juu ya seli za plazma, ambazo ndizo viwanda vya kingamwili, na pia juu ya seli za NK. Wagonjwa wa jaribio hilo, ambao figo zao zilikuwa zikikataliwa kwa njia hii, walikuwa 22, nusu wakapewa dawa na nusu dawa bandia, kwa dripu, kwa muda wa miezi 6. Vipande vya figo vilivyochukuliwa kwa sindano katika wiki ya 24 vilionyesha kwamba dalili za kukataliwa zilitoweka kwa wagonjwa 9 kati ya 11 waliopata dawa, na kwa 2 tu kati ya 10 waliopimwa katika kundi la pili. Nilifurahi mno. Hata hivyo, kufikia wiki ya 52, baada ya dripu kusimamishwa, ugonjwa ulikuwa umewarudia 3 kati ya wale 9.

Tahadhari yangu inatokana na clazakizumab, kingamwili nyingine iliyotia matumaini kwa wagonjwa 20 wenye tatizo hili hili, lakini jaribio lake kubwa likasitishwa mwaka 2024 ilipoonekana kwamba lengo lisingefikiwa.

Mdogo wangu aliponiuliza kama felzartamab ingemfaa, nilimwambia kwamba kwanza tumwombe daktari apime kama damu yake ina kingamwili dhidi ya figo yangu, kwa kuwa kreatinini peke yake haiwezi kutuambia hilo.