Gunia la viazi la bei chee lilivyonipiga

Mwaka jana nilifanya kitu kwa tamaa, sasa hivi nacheka ila kipindi kile sikucheka.

Kamgahawa kangu kako Tabata, Dar, meza sita, mchana wali na ugali, jioni chipsi, na chipsi ndo zinalipa kodi. Viazi nilikuwa nachukua kwa kaka mmoja wa Mabibo tangu nafungua, gunia 95,000, guta linaleta mpaka mlangoni, af mali kauli, yani mzigo nachukua Jumatatu hela napeleka Jumamosi. Akatokea jamaa mwingine anazunguka na kirikuu, kale kapikapu kadogo, gunia 85,000. Mi natumia magunia matatu kwa wiki, nikapiga hesabu kichwani nikaona laki na ishirini kwa mwezi hiyo hapo, nikamuacha kaka wa watu bila hata kumuaga, nikawa sipokei na simu zake.

Wiki ya tatu naona mbona viazi vinaisha Ijumaa wakati wateja ni walewale? Nikamshuku kijana wangu wa chipsi, Mungu anisamehe. Yeye ndo akaniambia "Dada, hebu tukapime." Tukapeleka gunia kwa jamaa wa chuma chakavu maana ndo mwenye mizani kubwa hapa mtaani, kilo 88. Nikamtuma kijana Mabibo akanunue gunia moja kwa yule kaka, aseme ni la kwake. Kilo 104. Nilikaa chini.

Na hapo bado hatujamenya. Vya bei chee ni vidogo vidogo, vingine vina ukijani unakata nusu unatupa. Tulimenya kilo kumi kumi: vya Mabibo zilibaki kilo nane, vya kirikuu sita na nusu. Sasa weka hesabu, kilo ya kiazi kilichomenywa ya Mabibo inanigharimu kama 1,140, ya kirikuu inakaribia 1,490. Yani nilikuwa nalipa zaidi huku najiona mjanja.

Shida ni kwamba tunanunua gunia kama vile gunia ni kipimo, wakati gunia ni mfuko tu. Wakala wa Vipimo wanapiga vita lumbesa, yani gunia lililojazwa mpaka likaota kichuguu juu, wanataka gunia lisizidi kilo 100, na mi nakiri nilikuwa nafurahia lumbesa kama wanunuzi wengine, sikuwahi kumuwaza mkulima wa Njombe anayejaza kile kichuguu cha juu bure. Siku nimepunjwa mimi ndo nikaona mizani ina maana. Nikanunua ya kuning'iniza.

Kurudi kwa yule kaka ilikuwa aibu. Nilienda mwenyewe saa kumi na moja alfajiri na hela ya magunia matatu taslimu, nikamwambia ukweli. Akacheka, "Dada, lile gunia la yule kijana wako nilijua ni lako, nani mwingine anachagua viazi vya chipsi hivyo?" Mali kauli hakunirudishia siku ile, nililipa taslimu miezi miwili, na nilimuelewa. Ila masika barabara zilipoharibika na mzigo ukawa haba, alinipigia mapema kwamba bei inapanda na kanitengea magunia mawili. Jamaa wa kirikuu sikumuona tena msimu ule wote.

Sasa bei ya kwangu je? Viazi vikipanda kidogo sigusi sahani, vikipanda na mayai yakapanda pamoja ndo naongeza, zege, yani chipsi mayai, ilikuwa 3,000 nikaweka 3,500. Nilishawahi kujaribu kupunguza chipsi kwenye sahani badala ya kupandisha bei, siku ya pili tu bodaboda mmoja kashika sahani anauliza hii ni ya mtoto? Bora useme bei imepanda, watanuna wiki moja watazoea. Na nikiwaambia sababu, kwamba mvua imekata barabara, wengi wanaelewa kwa sababu hata nyumbani kwao wanaona.

Nyanya na vitunguu havinipi presha sana, nanunua kidogo kidogo.

Kuku ndo bado sijapata dawa. Wanauzwa kwa kichwa, bei moja, mizani yangu inaniambia huyu kilo moja na robo huyu hata kilo hafiki, na robo kuku yangu inauzwa bei ileile. Nimemuomba dada anayeniletea tuhamie kwenye kilo, kaniambia atafikiria, wiki ya tatu hii bado anafikiria. Kama kuna mtu ananunua wa kisasa kwa kilo hapa Dar na anafikishiwa, aniambie anafanyaje.