Siku Babu Alipotokea Kwenye Chaneli ya Ami

Fundi anayetutengenezea paa la nyumba yetu ya Langoni, Lamu, alinipigia simu wiki jana kuniuliza habari za waya. Kuna waya mweusi, akasema, unatoka juu ya nyumba ya jirani, unaingia dirisha la msana wa nyuma, kile chumba kirefu cha nyumba zetu, halafu unafia ukutani. Aukate? Nikamwambia asikate. Akauliza una kazi gani. Nikasema hauna kazi yoyote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi ataupitisha chini ya chokaa, kama nataka.

Waya ule ni wa Ami, ndugu wa baba yangu. Wa stesheni.

Nikiwaambia wanangu kwamba Ami alikuwa na stesheni ya televisheni wananicheka, kwa sababu wao wanamkumbuka mzee wa kikoi na kofia aliyekuwa akitengeneza pasi na feni za watu darini. Lakini ilikuwa stesheni. Ilikuwa na dishi. Ilikuwa na tangazo la biashara, moja, picha ya duka la nguo la mkewe isiyotikisika kwa dakika nzima. Ilikuwa na watazamaji, na watazamaji walikuwa na malalamiko, wakija kuyatoa mlangoni pake hata saa tano za usiku.

Wasiojua maisha ya wakati ule watauliza kwa nini mtu ajisumbue. Televisheni Kenya ilianza mwaka 1962, na kwa miaka mingi mwenye seti alikuwa na stesheni moja tu, ya serikali, mpaka KTN ilipokuja mwaka 1990, nayo ilianzia Nairobi. Kule kwetu yote hayo yalifika yakiwa chenga. Kuta za nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, mawimbi hayapiti. Kwa hiyo erio inafungwa kwenye boriti juu ya paa, mmoja anaizungusha, mwingine yuko dirishani akipiga kelele: hapo, hapo, rudisha, umepitisha! Taarifa ya habari ya saa moja tulikuwa tukiisikiliza. Uso wa msomaji tulikuwa tukiukisia.

Ami alirudi kutoka Uarabuni na vijisenti na akili ya vyombo. Wenzake walinunua mashua au wakafungua duka. Yeye alileta dishi kubwa lililopandishwa kwenye paa kwa kamba na wanaume wengi na matusi mengi, akaweka visanduku vyake chumba cha juu, na akaanza kupitisha waya. Mji wetu uliumbwa kwa kazi hiyo, maana vichochoro ni vyembamba hivi kwamba waya unaruka kutoka paa hadi paa bila nguzo. Shida ilikuwa chumvi. Hewa ya bahari ilikuwa inakula viungio, shaba inageuka kijani, na picha inakufa nyumba kumi kwa pamoja.

Pia waya unakula picha kadiri unavyokuwa mrefu, ndiyo maana aliweka mabusta ya kuukuza njiani, na chaneli za mawimbi ya juu ndizo zinazofifia kwanza. Ami alilijua hilo na akapanga chaneli kwa cheo. Makka iliwekwa chini kabisa, ifike safi hata kwa wa mwisho kule mtaa wa Gadeni. Mpira ukafuata. Filamu za Kihindi zikawekwa juu, na wa Gadeni waliokuwa wakizitaka walizitazama kwenye chenga. Wengine walisema ni dini. Mimi nadhani ni kwamba mke wake alipenda filamu za Kihindi na alikuwa anakaa hapo hapo, mwanzo wa waya.

Na palikuwa na chaneli moja isiyotoka angani. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiiita chaneli ya Ami. Siku nyingi ilikuwa na picha ya duka tu, au tangazo la maziko lililoandikwa kwa mkono kwenye karatasi na kuwekwa mbele ya kamera. Kamera yenyewe ilikuwa ile kubwa ya kubeba begani, ya kanda za VHS, aliyoinunua kwa ajili ya harusi, halafu ikamshinda kwa sababu harusi za wanawake hakuruhusiwa kuingia, na za wanaume hakuna aliyetaka kuzitazama mara ya pili.

Basi mwaka 2002 akapata wazo la Maulidi.

Mwaka ule mambo yaliingiliana. Kombe la Dunia la Korea na Japani lilianza Ijumaa ya tarehe 31 Mei, Senegali na Ufaransa, saa nane na nusu za mchana kwetu, watu wametoka msikitini na kanzu zao moja kwa moja kwenye televisheni. Lile bao la Bouba Diop wa Senegali lilimwingizia Ami wateja kuliko tangazo lolote. Na Maulidi yetu, kama mnavyojua, hayasomwi siku ya kumi na mbili yakaisha. Yanaendelea hadi mwisho wa Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, wageni wanafika kutoka Komoro, Zanzibar, Mombasa, na uwanja wa mbele ya Msikiti wa Riyadha unajaa ngoma baada ya Alasiri. Mwaka ule siku hizo zilikutana na mpira.

Bibi hakuwa akienda tena. Magoti. Alikuwa anakaa msana wa nyuma na wanawake wengine ambao nao walikuwa na magoti yao, au watoto wachanga, au eda, wakisikiliza ngoma kwa mbali na kuuliza kila apitaye: nani amecheza? Ami alivuta waya mpaka kwenye paa la rafiki yake linalotazama uwanja, akasimamisha kamera, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bibi akaona kirumbizi akiwa ameegemea mto. Wanaume wawili na bakora zao, wanazungukana. Hakusema kitu. Alisogeza mkeka karibu na kioo.

Siku niliyotaka kuieleza ngoma zilisimama kupumzika. Kwa kawaida ngoma zikisimama Ami hurudisha picha ya duka. Siku ile hakurudisha. Kamera ikabaki inatazama uwanja mtupu na, upande wa kushoto, baraza ya wazee. Hakuna mtangazaji, hakuna muziki. Upepo tu kwenye maikrofoni na punda mmoja aliyefungwa mahali, analia.

Na kwenye baraza, Babu.

Babu alikuwa na sukari. Nyumbani Bibi alikuwa anaifungia halua kwenye kasha na ufunguo anautia kifuani, na kila siku Babu alikuwa anaapa kwamba kule barazani hanywi ila kahawa chungu. Sasa tukamwona, mdogo kama kidole lakini ni yeye, na kofia yake imelala upande kama siku zote, mbele yake sahani. Mkono ukashuka. Mkono ukapanda. Msana mzima ukanyamaza.

"Ile ni halua," akasema mmoja.

"Huenda ni tende," akasema mwingine, mwenye huruma.

Mkono ukashuka tena. Halafu Babu akalamba vidole, kimoja kimoja, bila haraka, hata huruma ikaisha.

Bibi akaanza kwa kusema na televisheni. Alimwambia aache. Alimwambia mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, nadhani kwa sekunde chache aliamini kweli atasikia. Kisha akageuka akaniona mimi. "Mwanangu, njoo. Enda kamwambie babu yako namwona."

Nikakimbia. Nilikuwa na miaka kama kumi, na najua kila kona ya njia ile hata leo, mfereji wa kuruka, ngazi iliyovunjika, daka la nyumba ambayo mbuzi wao walikuwa wakilala mlangoni. Lakini kitu ninachokikumbuka ni yule punda. Chaneli ya Ami haikuwa na sauti nyingine, na nyumba karibu zote za upande ule zilikuwa kwenye waya, kwa hiyo punda wa uwanjani alikuwa akilia kutoka kila dirisha. Nilimwacha analia kwetu, nikamkuta analia kwa jirani, akalia mbele yangu na nyuma yangu na juu yangu, kichochoro chote punda mmoja, mpaka nilipotokeza uwanjani nikamkuta mwenyewe, amefungwa kwenye mlango, mdogo, wa kijivu, amechoka.

Nikaingia uwanjani, na nyumba zikacheka.

Sijui niliseme vipi. Uwanjani hakuna aliyecheka. Wazee walikuwa na vikombe vyao, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, mambo ya kawaida. Kicheko kilitoka ukutani, kwenye madirisha ya juu, kutoka pande zote, sauti za wanawake ambao sikumwona hata mmoja wao. Nilijiangalia kama nguo imechanika. Nikaenda mpaka barazani, pumzi zimeniishia.

"Babu. Bibi asema akuona."

Babu akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama mlango wa kichochoro nilikotokea, akitegemea kuliona buibui la Bibi pale. Kila akigeuka, kuta zilicheka upya. Wazee wenzake nao wakaanza kugeuka, wote pamoja, na hilo likawa baya zaidi. Mwishowe akatazama juu, akaona kamera juu ya paa na taa yake nyekundu, na nikaona inavyomwingia polepole, kwanza machoni, kisha mabegani. Mimi nilidhani atakasirika. Alikata kipande cha halua, kikubwa, akanitia mkononi.

"Kula," akasema. "Tuonekane sote."

Nikala. Ilikuwa ya moto bado, na iliki nyingi.

Nilipoinua macho tena juu ya paa, kamera ilikuwa peke yake. Au ilikuwa peke yake na kofia nyeupe ikiinama nyuma ya ukuta wa paa. Nimelifikiria sana hilo na sina hakika, kwa sababu jua lilikuwa machoni. Waliokuwa nyumbani wanasema picha ilikatika mara moja, likaja duka la nguo.

Niliporudi Bibi aliniuliza swali moja tu: "Ilikuwa tamu?"

Yaliyofuata ni mafupi. Baada ya Isha wazee walimwendea Ami, kwa heshima, wakakubaliana naye kwamba kamera itazame ngoma na si watu. Mmoja wao alisema mtu akiwa barazani yuko faraghani ingawa anaonwa na mji mzima, na nilipokuwa mtoto niliona ni maneno ya kijinga. Babu alihama baraza, akaenda ile ya pwani. Bibi alisema amehama kwa aibu. Mama yangu alisema amehama kwa sababu ile ya pwani haikuwa na waya. Sukari yake haikupungua.

Stesheni yenyewe haikufa siku moja. Madishi madogo yalikuja, kila mtu akajinunulia lake, paa moja baada ya jingine likajitoa kwenye waya, mpaka Ami akabaki anatangazia nyumba yake na yetu. NTV, KTN, Citizen na QTV zilipotoweka hewani Februari 2015, ule mvutano wa kuhama kutoka analogi kwenda dijitali, na karibu wiki tatu nchi ikakaa bila habari za saa moja za kuzoea, Ami alikaa barazani akiwa na furaha isiyofichika. "Hata wakubwa hao," alikuwa akisema. Watu wakimpa pole kwa stesheni yake kana kwamba nayo imezimwa wiki ile.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia habari ya siku ile hutolewa kila Mfungo Sita ukiingia. Binamu yangu mmoja anasema nilikuwa nimevaa gauni jekundu. Mwingine anasema ilikuwa kanga ya Bibi, nimeikanyaga nikaanguka katikati ya uwanja. Sikuanguka. Watu ambao nyumba zao hazikuwahi kufikiwa na waya wanasimulia namna Babu alivyogeuza shingo. Kama wote hao wangekuwa wakilipa ada ya mwezi, Ami angekufa tajiri. Kanda hakuna. Picha ilikuwa ikienda moja kwa moja kwenye waya, na hakukuwa na kanda ndani ya kamera kwa sababu kanda zilikuwa ghali.

Kwa hiyo mtu pekee wa mtaa ule ambaye hakuiona ni mimi. Babu naye, lakini Babu hakuonekana kujuta kuikosa.

Nilimuuliza Ami kabla hajafariki. Alikuwa kitandani, ana nguvu za kuzungumza ila hana za kukaa, na nilimwuliza waziwazi: ulimwacha baba yako kwenye picha kwa makusudi, kwa ajili ya ile sukari yake, au ulisahau?

"Kwani wewe uliona nini?" akaniuliza.

Nikamwambia sikuona kitu, nilikuwa uwanjani.

"Basi huna ushahidi," akasema, na akamwita mkewe amletee chai, ya sukari, na asimpunguzie.